Hezi 35 za mguu wa baba

Baba alipopata kiharusi, mkono ulirudi mapema kuliko mguu. Unyayo wa kulia uligoma kunyanyuka. Akitembea uani, hapa Ujiji, vidole vinaburuza mchanga na kila kizingiti kinamkwaza.

Dada wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenifundisha mashine ya umeme wa misuli, ile ndogo ya betri. Kwanza alimuuliza baba kama amewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, maana mwenye nacho haguswi na mashine hii. Kisha akabandika kibandiko kimoja chini ya goti upande wa nje, neva inapozunguka kichwa cha mfupa mwembamba, na kingine kwenye msuli wa mbele wa muundi.

Akaanza na hezi 2, yaani mapigo mawili kwa sekunde. Unyayo ukawa unaruka, tuk, tuk, kila pigo na mruko wake. Kwenye 10 ukawa unatetemeka tu. Alipofika 35 mitetemo ikaungana, unyayo ukapanda na kutulia juu. Baba akautazama, akasema, "Mwanangu, huyo si mimi."

Nikamuuliza yule dada kwa nini tusiweke 80 ili unyayo upande zaidi. Akaniambia ubongo ukiamrisha msuli, nyuzi zake hupokezana kazi. Mashine huziita zilezile, zote kwa mpigo mmoja. Ukizidisha hezi, nguvu inaongezeka lakini msuli unachoka upesi. Hizo 80 hadi 100 hutumika zaidi kutuliza maumivu, na hapo umeme huwa mdogo, mtu anasikia msisimko bila msuli kukaza.

Nyumbani kazi kubwa ilikuwa mafuta. Baba hawezi kukaa bila kujipaka, na kibandiko hakishiki ngozi yenye mafuta, kwa hiyo naosha muundi kwa sabuni na kuukausha kwanza. Mashine inawaka sekunde 8, inapumzika 24. Ikiwaka namwambia, "Inua nayo, baba," kwa sababu akilala tu akaiachia, faida inapungua. Unyayo ukianza kushuka umeme ungali unawaka, nazima, hata kama muda haujaisha.

Sasa anafika msikitini kwa fimbo. Jirani mwenye maumivu ya mgongo ameshaiomba mashine. Nimemwelekeza kwa yule dada ampime kwanza.