Kräftskiva: karamu ya kamba wa Agosti nchini Uswidi

Kwa sisi tuliolelewa pwani ya Kenya, kamba ni wa kupikwa kwa nazi, ukwaju na pilipili, na huliwa angali wa moto. Huku Uswidi, ifikapo Agosti, huchemshwa kwa maji ya chumvi na shibiti (kiungo cha majani kiitwacho dill kwa Kiingereza), hulazwa humohumo usiku kucha, kisha huletwa mezani akiwa baridi kabisa. Karamu hiyo huitwa kräftskiva, na kwa maoni yangu ufundi wake wote umo katika yale maji.

Kamba wenyewe si wa baharini. Ni wa maziwa na mito, wana magando mawili makubwa mbele, na nyama yao ni kidogo mno kwa mtu mwenye njaa. Hutegwa usiku kwa madema yenye chambo cha samaki, kwa kuwa mchana hujificha chini ya mawe. Zamani sheria ilikataza kuwavua kabla ya Agosti. Marufuku hiyo iliondolewa katika miaka ya 1990, lakini watu hawakuhamisha karamu yao.

Mzee anayetualika, mkazi wa Småland, kusini mwa Uswidi, hupima kwa kila kilo ya kamba takriban lita mbili za maji, desilita moja ya chumvi ya mawe, kijiko cha sukari na vichala kadhaa vya shibiti iliyokwisha kutoa maua, kwani majani machanga peke yake hayana ukali unaotakiwa. Wengi huongeza chupa ya bia nyeusi. Yeye haitii, kwa ajili yetu wageni tusiokunywa. Maji yakichemka kwa nguvu, kamba walio hai hutumbukizwa wachache wachache, kichwa kikitangulia, na wengine hawaongezwi mpaka maji yachemke tena. Baada ya dakika kama kumi sufuria huketishwa katika beseni la maji baridi, hutiwa shibiti nyingine mbichi, na huhifadhiwa kwenye ubaridi hadi kesho yake. Kamba ambaye mkia wake haukujikunja hutupwa bila mjadala, maana huenda alikufa kabla ya kuingia sufuriani.

Mezani huwa kuna taa za karatasi zenye sura ya mwezi, kofia za karatasi, mkate wa kukaushwa na jibini kali ya Västerbotten. Kabla ya kila glasi ndogo ya pombe kali huimbwa wimbo, nasi wa maji ya limau huimba vilevile. Ulaji huanza kwa kufyonza mchuzi ulio ndani ya gamba, tena kwa sauti, jambo ambalo Waswidi hao hao wangelikemea siku nyingine yoyote.

Kamba wa asili wa nchi hii wamebaki wachache. Mwaka 1907 uliingia ugonjwa wa ukungu uliofagia maziwa mengi, na katika miaka ya 1960 wakaletwa kamba kutoka California wanaoustahimili. Kumbe wageni hao huubeba ugonjwa wenyewe, na tangu 2016 Umoja wa Ulaya umewaorodhesha miongoni mwa viumbe vamizi. Ndiyo maana meza nyingi hutegemea kamba wa kununua, walioganda, kutoka nje. Hata Ziwa Naivasha limewahi kuchangia: kamba wa Louisiana walipandikizwa humo mwaka 1970, na baadaye wakawa wanauzwa Ulaya, Uswidi ikiwamo.

Hao wa pakiti ni wa bei nafuu na mara nyingi ni chapwa, lakini hawastahili kudharauliwa. Wayeyushe polepole, mwaga maji yao, chemsha maji mapya ya chumvi na vichala vya shibiti, yaache yapoe kabisa ndipo uwamiminie, kwa kuwa yakiwa ya moto nyama iliyokwisha kuiva itakuwa ngumu kama mpira. Ukiwalaza humo usiku mmoja, wageni watafyonza magamba yao kwa bidii ileile.