Sindano ndani ya jicho la baba mdogo

Mimi nilicheka. Daktari aliposema dawa itachomwa ndani ya jicho lenyewe, nilidhani anamtania baba mdogo, mtu ambaye hata sindano ya paja huiombea dua.

Ilikuwa siku ya tatu tangu mwiba wa mchikichi umchome akikata mikungu shambani, nyuma ya Ujiji. Kope zimevimba, jicho jekundu, na chini ya mboni usaha umetuama kama mstari mweupe. Alikuwa akiona mkono ukipungwa, basi. Duka la dawa walimpa matone na vidonge. Sikuwalaumu sana, ila matone hayapenyi mpaka kwenye ule ute wa ndani kwa kiasi cha kuua bakteria, na jicho lina kuta zake zinazozuia dawa nyingi za kwenye damu.

Wakamtia ganzi, wakavuta ute kidogo wa maabara, kisha wakachoma dawa mbili za kuua bakteria: vankomaisini miligramu 1 na seftazidimu miligramu 2.25. Kila moja mililita 0.1, kama matone mawili hivi! Tena kwa mabomba mawili, maana zikikutana kwenye bomba moja huganda chengachenga. Baba mdogo alinibana mkono mpaka pete ikanichubua.

Baada ya saa 48 walimwangalia upya kuona kama arudiwe. Hakurudiwa.

Sasa anahesabu vidole akiwa mlangoni. Miwani ya fundi welda niliyomnunulia kwa ajili ya shamba ameitundika msumarini, ati inamtoa jasho.