Mimi si bodaboda

Tulikutana saa kumi na moja alfajiri kwenye kituo cha mafuta pale Bunju, pikipiki tisa, safari ya Tanga. Nane zilikuwa zile ambazo ukizikuta zimeegeshwa lazima uzizunguke kwanza: BMW GS mbili, Africa Twin, Yamaha kadhaa, na masanduku ya bati ubavuni. Ya tisa ilikuwa Boxer yangu, BM 150, begi nimelifunga kwa mpira kwenye keria.

Kiongozi wa msafara akapanga foleni. Wazoefu mbele, wengine katikati, halafu mwisho kabisa yule tunayemwita mkia, kazi yake kuhakikisha hakuna anayeachwa njiani. Mimi nikapangwa nyuma ya mkia. Nikauliza, nyuma ya mkia kuna nini tena? "Wewe njoo taratibu, kaka, utatukuta Segera." Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa kwa ubaya ningeshasahau.

Bagamoyo tukaipita kunapambazuka. Kutoka pale hadi Msata ni kilomita 64 za lami, na kabla sijazoea baridi ya asubuhi taa zao zilikuwa zimeshapotea mbele. Boxer ikifika 80 inaanza kuimba, ikifika 90 inaomba dua. Nikaiacha iimbe.

Sasa kuna jambo la salamu. Wenye pikipiki kubwa wakipishana njiani husalimiana, na mkono wa kulia uko kwenye mafuta. Kwa hiyo unainua wa kushoto au unatikisa kichwa. Baada ya Msata nikapishana na kundi wanatokea upande wa Segera, wamevaa majaketi yale yenye magamba mabegani. Nikainua mkono wa kushoto. Wakapita saba. Mkono wangu ukabaki hewani kama wa mtu anayesimamisha daladala iliyojaa.

Nikavuka Wami kwenye daraja jipya, lile lililoanza kutumika 2022 na kutuondolea adha ya kusubiriana kwenye daraja jembamba la zamani. Ng'ambo ya pili akaja bodaboda na magunia mawili ya mkaa, kaniwashia taa na kunyoosha mguu, salamu yao. Nikajifanya naangalia kioo cha pembeni. Kwa nini? Niliogopa kuonekana na nani, wakati barabara nzima tulikuwa sisi wawili?

Kabla ya Kabuku waya wa klachi ukakatika. Nilisikia "tap", kisha mpini ukalegea mkononi kama jino bovu. Nikasukuma hadi kwenye kijiwe chini ya mwembe. Wapo watano, mmoja analala juu ya tangi, miguu kwenye usukani. Aliyeamka kunihudumia alikuwa mtu wa makamo, kofia ngumu yake ameifanya kapu la machungwa.

"Hii ya mkataba, au unampelekea bosi hesabu?" akaniuliza huku anafungua kwa spana ya kumi.

"Ya kwangu. Mimi si bodaboda."

"Basi una raha," akasema, wala hakuinua macho.

Waya wa Boxer hapakuwa nao. Akamtuma kijana dukani akaleta waya wa breki ya nyuma ya baiskeli. Akauchomoa ule uliokatika, akaupaka mpya grisi kwa kidole gumba, akaupenyeza kwenye ala yake taratibu kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Kichwa cha juu kikakaa kwenye mpini sawasawa. Chini, waya ulikuwa mrefu mno, basi akaubana kwa skrubu ndogo aliyoitoa mfukoni, na ncha iliyobaki akaizungusha mara tatu, ikachomoza pembeni ya injini kama sharubu ya kambale. Akajaribu klachi, akasikiliza, akalegeza kidogo.

"Elfu tatu ya waya. Mkono wangu acha."

Segera nikawakuta wenzangu kweli, wanamalizia supu. Dada pekee kwenye msafara wetu, anayeendesha Yamaha vizuri kuliko wengi wao, alikuwa amenuna. Alikuwa ameulizwa mara mbili kama pikipiki ni ya mume wake: mara ya kwanza na bodaboda wa pale stendi, mara ya pili na mwenzetu wa GS. Angalau hapo pande zote mbili walikuwa wameelewana.

Karibu na Muheza, katikati ya wauza machungwa, nikapigwa tochi: 58 kwenye 50. Trafiki akanitazama, akatazama siti ya nyuma. "Abiria umemshusha wapi?" Nikaeleza tena mimi ni nani na si nani. Akaandika 10,000. Faini ya bodaboda ilikuwa 30,000 hadi ilipopunguzwa 2021, kwa hiyo siku hiyo kufananishwa nao hakukuniuma sana.

Tanga nikaingia jua linawaka, nikapotelea Ngamiani, kwenye zile barabara zenye namba badala ya majina, baiskeli zinanipita kushoto na kulia. Bodaboda mmoja kijana akaniona nasoma simu. "Wapi, kaka?" Nikamtajia hoteli, upande wa Raskazone. "Nifuate." Akaniongoza mpaka getini, hakutaka hata ya soda.

Mlinzi akainua mkono. "Bodaboda mwisho hapo nje."

Ndani nilikuwa naziona zile nane, zimepangwa kivulini.

"Mimi si bodaboda," nikasema, na kidole kikaenda chenyewe kumwonyesha yule kijana. "Huyu ndiye."

Kijana alikuwa bado hajazima injini. Akageuza pikipiki.

"Haya, wewe pita," mlinzi akasema.

Nikapita. Nikaegesha mwisho wa mstari. Mwenye GS akaja na chupa ya maji, akainama kwenye injini yangu.

"Hiki kinachochomoza hapa ni nini?"

"Waya wa baiskeli."

Akacheka, akachuchumaa kuupiga picha.