Kiongozi wa Dharura Huandaliwa Kabla ya Mlipuko

Mtaalamu wa afya ya jamii hupandishwa cheo kwa sababu anaijua kazi yake: huzisoma takwimu za wagonjwa kwa makini, huendesha kampeni ya chanjo bila hitilafu, na ripoti zake hufika kwa wakati. Mlipuko wa ugonjwa unapozuka, mtu huyohuyo hutakiwa kufanya jambo ambalo taaluma yake imemzoeza kuliepuka, yaani kuamua kabla ushahidi haujakamilika. Maabara haijajibu, idadi ya wagonjwa ya asubuhi si ile ya jioni, na huku wanasiasa wanataka jibu moja la kutangaza. Nimewaona watu hodari wakikwama hapo, wala siwalaumu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwafundisha.

Mfano ninaopenda kuurejea ni wa Nigeria. Tarehe 20 Julai 2014, mgonjwa wa Ebola aliwasili kwa ndege Lagos, jiji lenye mamilioni ya watu, na wengi wakatarajia maafa. Mlipuko huo uliishia kwa wagonjwa 20, wanane kati yao wakafariki, na tarehe 20 Oktoba Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba nchi hiyo imeondokana na ugonjwa huo. Kazi ya kuwafuatilia watu karibu 900 waliokutana na wagonjwa husifiwa sana, tena kwa haki. Kinachosahaulika ni kwamba Faisal Shuaib, aliyekabidhiwa kituo cha operesheni za dharura, alitoka katika kituo kama hicho cha kupambana na polio, ambako yeye na wenzake walikwisha kuzoea kugawana majukumu na kujua ni nani anayeamua nini.

Ndiyo maana sina imani kubwa na semina za siku mbili zinazoishia kwenye vyeti. Ninaamini zaidi zoezi la mezani, yaani dharura ya kubuni ambayo washiriki huijadili hatua kwa hatua, linaloendeshwa bila huruma. Msimamizi anasoma: wauguzi wawili wa wodi moja wana homa kali na wanatokwa na damu, sampuli zimepelekwa, majibu ni kesho kutwa. Wote wanamgeukia mkuu wa idara. Msimamizi anaongeza kwamba mkuu yuko safarini na simu yake haipatikani, na hapo ndipo zoezi linapoanza hasa. Nani ana mamlaka ya kuifunga wodi? Nani atazungumza na ndugu wa wagonjwa waliojaa getini? Mara nyingi hubainika kwamba mamlaka hayo hayajaandikwa popote, na naibu anayeweza kuamua anahofia kukaripiwa mkuu akirudi.

Kusikiliza nako ni stadi ya uongozi, ingawa mitaala mingi huigusia tu. Katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016, uliowaua watu zaidi ya 11,000, amri za kuzuia maziko ya kimila zilipingwa na familia nyingi, na baadhi zikawaficha wafu wao. Hali ilianza kubadilika pale viongozi wa dini na jamaa za marehemu waliposhirikishwa, wakapewa nafasi ya kusali na kushuhudia maziko yaliyo salama.

Kwa maoni yangu, mafunzo yawalenge kwanza manaibu na maafisa wa wilaya, maana ndio wanaopokea simu ya kwanza. Wakabidhiwe uongozi wa matukio madogo, kama vile wagonjwa wachache wa kipindupindu au watu waliokula chakula chenye sumu, huku mwenye uzoefu akiwa karibu nao. Kila uamuzi uandikwe pamoja na saa yake na sababu zake kama zilivyoonekana wakati huo, ili tathmini ya baadaye isiwahukumu kwa habari ambazo hawakuwa nazo. Gharama ya mpango huu ni ndogo. Kigumu ni kumpata mkuu atakayekubali kukaa pembeni naibu wake anapoamua, asiingilie kati isipokuwa uamuzi huo unahatarisha maisha ya watu.