Upande wa Pili wa Leja

Leo ni Jumapili, saa tatu usiku, na kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze nimeketi mezani bila kufungua daftari la chuo. Watoto wamelala. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, yuko zamu ya usiku, na atakaporudi asubuhi mimi nitakuwa nafunga viatu, kwa hiyo tutapishana mlangoni kama tulivyopishana karibu wiki nzima iliyopita.

Niko mwaka wa tatu wa shahada ya biashara, na ninasoma jioni. Mchana ni karani wa ununuzi katika Eneo la Viwanda, Nairobi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Jumanne, Jumatano na Alhamisi huondoka kazini moja kwa moja hadi mjini, ambako masomo huanza saa kumi na moja na nusu na kumalizika saa mbili na nusu usiku. Ndipo safari ya kurudi Githurai inapoanza. Barabara ya Thika ni pana tangu ukarabati wake ulipokamilika mwaka 2012, lakini mvua ya Aprili ikinyesha, magari husongamana Pangani kana kwamba upana huo haupo, na nauli huwa imeshapanda kabla hatujaingia ndani ya gari. Nikifika nyumbani hukuta chakula kimefunikwa kwa sahani nyingine, taa ya jikoni imeachwa ikiwaka, na viatu vya shule vya binti yetu vimepangwa kando ya mlango. Yeye amejifunza kuzihesabu siku kwa namna yake, huniuliza asubuhi, "Baba, leo ni Jumanne ya darasa?" ilhali hajui kwamba swali hilo hubaki nami hadi jioni.

Nilianza masomo haya kwa sababu iliyo wazi: kazini niliambiwa kwamba nafasi ya afisa wa ununuzi haipewi mtu asiye na shahada. Sijutii uamuzi huo. Ninapenda ninachosoma, na yapo mambo ambayo nilikuwa nikiyafanya kwa mazoea kwa miaka minane, kama vile kulinganisha bei za wauzaji, ambayo sasa ninajua kwa nini yanafanywa hivyo.

Wiki mbili zilizopita, katika somo la uhasibu wa menejimenti, mwalimu alitufundisha kuhusu gharama ya fursa iliyoachwa. Alitupa mfano wa mama mwenye kiwanja kando ya barabara ambaye angeweza kukikodisha kwa shilingi 30,000 kwa mwezi, lakini anakitumia mwenyewe kufyatulia matofali. Hana risiti yoyote ya kodi, akasema, lakini kila mwezi ameilipa. Kisha akatutaka kila mmoja aandike gharama kamili ya shahada yake. Nilijaza ukurasa mzima kwa haraka: karo, nauli, kunakili karatasi, na siku za likizo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za kazi kwa mwaka zenye malipo, nami nilitumia 12 kati ya hizo kwa mitihani ya mwaka jana, ndiyo maana Desemba wazazi wangu walituona kwa siku nne tu. Nilidhani hesabu imekamilika.

Jumatano usiku binti yetu, aliye Gredi ya 4, alikuwa bado macho niliporudi, kwa kuwa alihitaji gundi ya kumalizia kazi ya mikono iliyotakiwa shuleni kesho yake. Nilipokuwa nikiitafuta gundi hiyo katika droo ya kabati, chini ya kadi za kliniki za watoto, nilikuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua kwa mwandiko wa mke wangu, ya kuomba ruhusa ya masomo kwa mwajiri wake, ili akasomee stashahada ya juu ya uuguzi wa chumba cha upasuaji. Iliishia katikati ya sentensi. Tarehe yake ilikuwa ya wiki ileile niliyolipa karo ya mwaka wa pili.

Nilisimama pale hadi mtoto akaniita mara ya pili. Katika mwaka wa kwanza tulifundishwa kwamba kila kinachoandikwa upande mmoja wa leja, yaani daftari la hesabu za biashara, lazima kionekane na upande wa pili, kanuni ambayo mwanahisabati Mwitaliano Luca Pacioli aliichapisha Venice mwaka 1494, nami niliijibia mtihani vizuri sana. Lakini muda wote huo nilikuwa nikisema kwamba mke wangu "ananiunga mkono", na neno hilo lilinitosha, kana kwamba mkono huo haukuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Jana nilimuuliza kuhusu barua hiyo. Hakukasirika. Alikuwa akichambua sukuma wiki, na hakuacha. "Mmoja wetu lazima awepo usiku, baba watoto," alisema. "Mimi nikiwa zamu na masomoni, wewe ukiwa darasani, nani atawafungulia mlango?" Lilikuwa swali la hesabu, na kwa muda mrefu alikuwa amelijibu peke yake.

Tulikaa hadi usiku na ratiba zetu mbili mezani. Muhula ujao nitasajili masomo mawili badala ya matano, na nitahudhuria Alhamisi pekee. Wenzangu wa kikundi, ambao tumekuwa tukifanya kazi zote pamoja tangu siku ya kwanza, watahitimu kabla yangu, na nakiri kwamba jambo hilo linaniuma. Nafasi ile ya kazini nayo huenda ikachukuliwa na mwingine. Dada yangu amekubali kulala kwetu siku ambazo sote wawili hatutakuwepo.

Kabla ya kwenda zamu leo, mke wangu aliniachia barua hiyo hapa mezani, akiwa ameiandika upya na kuimalizia, ili niisome kabla hajampelekea msimamizi wake. Nimeisoma mara mbili. Nimerekebisha tarehe tu.