Ukoga wa kijani hauna likizo Mtwara

Huku Columbus, Ohio, Marekani, bwawa la kuogelea la juu ya ardhi lina msimu wake. Watu hulifungua mwezi Mei, na baridi ikianza kunyemelea wanalifunika kwa turubai hadi mwaka mwingine. Kila kiangazi kazi yangu ni kusafisha mabwawa ya aina hiyo, yale ya duara yenye ukuta wa chuma na plastiki nene ndani. Nusu ya kazi hufanywa na baridi yenyewe, maana maji yakipoa, ukoga wa kijani nao unasinzia. Mtwara hakuna msaada huo. Januari maji yana joto, Julai yana joto, na ukoga unaota mwaka mzima.

Nayaandika haya kwa ajili ya dada yangu wa Mikindani. Ana bwawa la namna hiyo uani, ndani ya uzio wa makuti, na jioni wasichana wa mtaani na mama zao wanajifunza kuogelea humo bila kukodolewa macho na mtu. Bahari iko pale pale mbele yao, lakini wengi wamezaliwa na kukulia pwani bila kujua kuogelea, hasa wanawake. Naliunga mkono jambo hili kwa moyo wangu wote. Anayelitunza bwawa ni mpwa wangu, na ujumbe wake wa simu mara nyingi huja hivi: "Shikamoo mjomba. Maji yameanza ukijani, tuyamwage?"

Msiyamwage. Bwawa la kipenyo cha mita 4, lenye maji ya kina cha sentimita 90, linabeba lita 11,300 hivi. Fikiria boza la maji ni bei gani, kisha fikiria kwamba maji mapya nayo yatageuka kijani ikiwa sababu iliyoyageuza ya kwanza bado ipo.

Sababu kubwa ni jua. Klorini ndiyo inayoua ukoga, na jua kali linaweza kula nusu ya klorini isiyo na kinga katika muda wa saa moja hivi. Anayetia dawa saa nne asubuhi analisha jua. Itieni jioni, baada ya swala ya magharibi, watu wakishatoka majini, pampu ikiwa inazunguka, ili ipate usiku mzima wa kufanya kazi. Pili, klorini inahitaji mwamvuli, nao ni asidi ya sayanuriki, unga mweupe unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya mabwawa. Kwa bwawa la lita 11,300, gramu 340 zinatosha kufikisha miligramu 30 kwa lita. Huyeyuka polepole sana. Itie ndani ya soksi safi, uininginize mbele ya mdomo wa pampu, na uwe unaiminya kwa mkono mara kwa mara mpaka iishe. Ikishaingia haitoki kwa jua wala kwa kuchujwa. Hupungua tu maji yakipunguzwa. Vidonge vile vikubwa vya klorini vinavyoelea huwa vimechanganywa nayo tayari, kwa hiyo anayetumia vidonge peke yake mwaka mzima anairundika mpaka klorini inakosa nguvu. Ndiyo maana mimi napenda klorini ya unga kwa kazi ya kila siku.

Kipimo chake kinahesabika. Ile ya unga yenye nguvu ya asilimia 65, gramu 17 zinapandisha miligramu 1 kwa lita katika bwawa hilo. Katika bwawa lenye mwamvuli wa kiasi nilichotaja, klorini ikae kati ya miligramu 2 na 4 kwa lita, isishuke chini ya 2. Na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, iwe kati ya 7.2 na 7.8. Hapa wengi hupita haraka, nami nasisitiza: pH ikipanda hadi 8, sehemu ya klorini yenye makali haizidi robo hivi, hata kama kipimo kinaonyesha klorini ipo. Kuna mabwawa ya kijani yenye klorini tele, na shida ni pH.

Ukoga huwahi kushikwa na kidole kabla haujaonekana kwa jicho. Kila asubuhi pitisha kidole nyuma ya ngazi, kwenye mikunjo ya plastiki, na chini kidogo ya usawa wa maji upande wa kivuli. Ukihisi utelezi, umeshaanza, ingawa maji yanang'aa. Sugua hapo kwa brashi laini, si ya waya, maana ukoga uliojishikiza ukutani una tabaka linaloukinga na dawa. Kusugua ndiko kunakoifungulia klorini mlango.

Kuna mambo ya kwetu ambayo vitabu vya Marekani haviyataji. Mafuta ya nazi mwilini na nywelani hutanda juu ya maji, hula klorini na kuziba kichujio. Khanga mpya hutoa rangi. Dada ameweka ndoo na kata mlangoni mwa uzio, kila mtu ajimwagie kwanza, na nguo ya kuogelea iwe imeshafuliwa na kusuuzwa povu lote. Mvua za Desemba hadi Aprili huipunguza dawa na kuleta uchafu, kwa hiyo baada ya mvua kubwa pima usiku huo huo. Maji ya kisima yakiwa na chuma, yatageuka rangi ya kutu ukitia klorini. Usitishike, acha kichujio kizunguke na ukisafishe mara kwa mara.

Lingine ni salfa ya mikorosho, ule unga wa kiberiti unaopulizwa kuikinga na ugonjwa. Siku za kupuliza, funika bwawa, maana unga ule hauyeyuki, unaelea na kuziba kichujio. La hatari zaidi ni stoo. Nyumba nyingi za kusini zina mfuko wa salfa pembeni, na klorini ya unga ikikutana na salfa inaweza kuwaka kwa ghafla. Zisikae chumba kimoja kabisa. Klorini ya unga isichanganywe na vidonge vya aina nyingine wala na asidi, isikae karibu na mafuta ya taa, na siku zote unga ndio unaotiwa kwenye ndoo ya maji. Maji hayamwagiwi juu ya unga. Mwanangu, hilo nakuomba usilisahau.

Maji yakishageuka kijani kweli kweli, fanya hivi. Toa majani yote kwa wavu, sugua kuta na sakafu, shusha pH hadi 7.2, kisha jioni tia gramu 170 za klorini hiyo ya unga, ambazo ni karibu miligramu 10 kwa lita. Pampu isizimwe usiku na mchana, na kichujio kioshwe kila kinapolemewa. Maji yatatoka kijani kuwa ya kijivu, kisha meupe yenye ukungu. Huo ni ukoga uliokufa. Rudia dawa kila jioni. Kujua kama umemaliza, pima klorini giza likishaingia, halafu pima tena kabla jua halijachomoza. Ikiwa imepungua zaidi ya miligramu 1 kwa lita usiku ambao jua halikuwepo, kuna kitu bado kinaila, endelea.

Katika siku hizo zote mtu asiingie. Mtoto akizama kwenye maji yenye ukungu haonekani, na kuzama hakuna kelele. Dada ameweka sahani nyeupe katikati ya sakafu ya bwawa: asipoiona vizuri akiwa amesimama nje, siku hiyo hakuna kuogelea, hata wageni wawe wametoka Lindi. Ngazi nayo hutolewa kila bwawa linapokuwa halina mtu mzima wa kusimamia. Bwawa lililoachwa bila dawa huzaa mbu pia, na kusini malaria tunaijua.

Wanaorudi nyumbani wakiniuliza wabebe nini, nawaambia karatasi za vipimo, kwa sababu ni nyepesi na bila hizo mtu anatia dawa kwa kubahatisha. Klorini msithubutu kuipakia kwenye begi la ndege, ni marufuku. Nunueni huko huko, na someni asilimia yake kwenye kopo kabla ya kutumia hesabu zangu. Karatasi zenyewe zitolewe kwa mkono mkavu, kifuniko kirudishwe mara moja, na muangalie tarehe ya mwisho wa matumizi.