Mvule, Mianya na Mvua za Machi

Nimeikataa kapeti ya plastiki. Mwenye nyumba alikuwa na nia njema. Alitaka kuitandika vyumba vyote vya huku juu ili mianya ya sakafu isionekane, na kabla ya hapo alikuwa amependekeza tumwage saruji nyembamba juu ya mbao. Saruji, kwenye sakafu inayobebwa na maboriti ya mbao! Ingeyaongezea uzito ambao hayakuwekwa kuubeba, kisha ingepasuka, kwa sababu mbao chini yake hazitulii. Nayo plastiki hufungia unyevu, na mbao isiyopata hewa huoza taratibu bila mtu kuona. Nilimweleza hivyo kwa heshima, tukabishana kidogo, akaniachia.

Tunakaa juu ya duka, katika moja ya majengo ya zamani ya Main Street hapa Jinja, Uganda, yale yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi miaka mingi kabla ya kufukuzwa mwaka 1972. Sakafu yetu ni ya mvule. Zamani Busoga, eneo letu hili, ilisifika kwa mvule. Leo ukienda kwenye vibanda vya mbao utaonyeshwa paini au kalitunsi, yaani mkaratusi, mara nyingi bado mbichi, na mvule ukibahatika kuuona, bei yake itakurudisha nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo nikisikia mtu anaiita sakafu hii kuukuu na mbovu, roho inaniuma. Mbao pana namna hii, zilizonyooka namna hii, mtu wa kipato changu hazinunui tena.

Lakini mianya ipo, siwezi kuikana. Kiangazi cha Desemba mpaka Februari hupanuka kiasi kwamba usiku mwanga wa taa ya dukani hupenya na kuchora mistari ukutani. Chini yetu hakuna dari, ni maboriti matupu, na pale dukani anafanya kazi fundi cherehani. Mama akifagia, vumbi linamwangukia. Mwezi wa kwanza alipanda ngazi ameshika gomesi ya hariri, gauni la heshima la wanawake wa Uganda, mikononi, akasimama mlangoni: "Shikamoo Mama. Dada, samahani, naomba mje muone." Mchanga mwembamba ulikuwa umetapakaa begani mwa nguo ya mteja. Hakugomba hata kidogo, na upole wake ndio ulionifanya nisilale.

Nikamtafuta Mzee mmoja seremala, aliyejifunza kazi kwenye karakana za reli Nairobi, enzi ya East African Railways, kabla shirika halijavunjika mwaka 1977. Kiswahili chake ni cha huko huko. Alipiga magoti, akaingiza ncha ya kisu kwenye mwanya mmoja baada ya mwingine, akainuka na kukataa kazi.

"Subiri mvua, mwanangu. Januari ukiziba, unaziba kiu yake."

Nilimwelewa baadaye, alipotulia na kunieleza. Ubao haurefuki wala haufupiki kiasi cha kuonekana, ila upana wake hubadilika kila msimu. Hewa ikikauka, unasinyaa; hewa ikijaa unyevu, na hapa ziwani hujaa kweli, unavimba. Mvule ni mtulivu kuliko mbao nyingi, lakini ubao mpana ni mpana, na mbao zikiwa nyingi kutoka ukuta hadi ukuta, mabadiliko yale madogo yanajumlishwa. Ukijaza mwanya siku umefunguka kabisa, mvua zikija mbao hazina pa kwenda. Zitasukumana, kingo zitapondeka, pengine sakafu itanyanyuka. Ukijaza wakati wa mvua, unajaza kile kinachobaki wazi mwaka mzima. Hicho peke yake ndicho cha kuzibwa.

Ushahidi tunao chumba cha nyuma. Mpangaji wa zamani alichanganya unga wa msumeno na gundi akakandika kila mahali. Mchanganyiko ule hukauka kama jiwe, mbao zikisinyaa unaachana nazo, na kwa kuwa chini ni tupu, umekuwa ukianguka vipande vipande dukani.

Basi tukasubiri. Machi ilipofika na mvua zikashika, nilianza kusafisha. Kazi hii watu huipuuza, nami nasema ndiyo kubwa. Mianya ilikuwa imeshindiliwa uchafu mgumu: polishi nyekundu ya miaka, mchanga, pini, vifungo, na senti moja ya King George yenye tundu katikati. Uchafu huo ni lazima utoke wote, kwa maana mchanga uliobanwa katikati ya mbao mbili zinazovimba hutafuna kingo. Nilitumia kipande cha msumeno wa chuma na brashi ngumu, na chini tulitandaza turubai juu ya vyerehani, kila jioni baada ya duka kufungwa. Jifungeni kitambaa puani. Vumbi la mvule huwasha macho, pua na hata ngozi.

Mzee alikuja na fremu ya mlango wa mvule, aliyoiokoa kwenye ghala lililobomolewa. Aliipasua vipande vyembamba virefu, kila kimoja akakipiga randa mpaka upande wa chini ukawa mwembamba kidogo kuliko wa juu, kama kabari. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: alipaka gundi upande mmoja tu. Kipande kinashikamana na ubao wa kushoto, wa kulia unabaki huru. Kiangazi kikirudi, mstari mwembamba kama uzi utafunguka upande huo, mvua zikija utafungwa. Hakuna kitakachovunjika. Aligonga kila kipande kwa nyundo juu ya kibao ili asikichubue, akakiacha kimechomoza kidogo. Gundi ilipokauka, tulizamisha vichwa vya misumari yote, maana msumari mmoja unaharibu makali ya randa, kisha akasawazisha. Msasa nilipiga mimi.

Mianya ya wastani hatukuitia mbao. Tulisokota kamba ya katani, tukaichovya kwenye chai ya rangi iliyokolea ili isionekane nyeupe, tukaishindilia kwa patasi butu. Ile myembamba kabisa tuliiacha, ikapata nta tu.

Sebule imekwisha. Fundi cherehani anasema tangu hapo hajakung'uta nguo hata moja. Limebaki suala la chumba cha Mama. Yeye hataki mwanya ulio kando ya kitanda chake uguswe. Miguu haimruhusu tena kushuka ngazi kila siku, na kupitia pale husikia salamu za wateja, hujua nani kaja kupimwa nguo, nani kafiwa, bei ya matoke imefika ngapi. Mara nyingine hujibu kutoka juu, na chini wanacheka na kumjibu. Nilijaribu kumshawishi, nikaacha. Tumekubaliana na Mzee kwamba chumba hicho kisafishwe chote, kizibwe kuanzia upande wa dirisha, na mstari ule mmoja ubaki wazi, na hapo chini yake tutapigilia kitambaa chepesi cha kuzuia vumbi. Sauti itapita. Fundi cherehani ameshatukatia kitambaa chenyewe, na fedha amekataa kupokea.